Breki ya Boti

Kuruta alirudi nyumbani Jumatano mchana akiwa mzima, hana hata mkwaruzo, na hicho ndicho kilichomuumiza zaidi. Hakupita mlango wa mbele. Alizunguka nyuma na begi lake la kijani begani, akaingia jikoni taratibu kama jirani aliyekuja kuazima chumvi, akakalia ndoo iliyofunikwa bila kuvua kofia.

Pacha ndio waliomwona kwanza. Wana miaka sita, na tangu mama yao mdogo achukuliwe na jeshi la wanamaji, kazi yao ni kumpigia saluti. Walikaza miguu, viganja kwenye paji la uso, wakasubiri awajibu kwa kishindo kama siku zote. Yeye akawatazama tu, kisha akashusha kofia mpaka kwenye pua.

"Mama mdogo, hujajibu," mmoja akalalamika.

"Nendeni nje mkacheze," mama yao akasema. Mama Pacha ni mshonaji, na cherehani yake iko palepale jikoni, chini ya dirisha, kwa sababu ndipo penye mwanga. Alizuia gurudumu kwa kiganja, akamgeukia mdogo wake. "Haya. Sema."

"Nimemkata mwenzangu mguu, dada."

"Umemkata na nini?"

"Na boti." Kuruta akavuta pumzi. "Juzi asubuhi. Nilikuwa naileta gatini. Mrefu kasimama mbele ameshika kamba, yule niliyekwambia anaimba mpaka anasinzia. Nikaona gati linatujia haraka. Nikakanyaga. Dada, nilikanyaga kwa nguvu zangu zote."

"Ulikanyaga nini?"

"Breki."

"Kumbe boti ina breki?"

"Haina."

Kuruta akaendelea huku akiitazama sakafu, kama anayesoma maandishi pale. Boti husimamishwa kwa kuvuta rivasi kwa mkono, alisema, hata mtoto anajua. Lakini mguu wake ulikwenda chini wenyewe, ukakuta hewa, ukakanyaga tena, na alipokumbuka mkono, Mrefu alikuwa ameshatoa mguu nje ili aizuie boti isigonge. Ukabanwa kati ya boti na ukuta. Kesho yake hospitali waliukata chini ya goti.

"Afisa aliponiuliza nikamwambia nilikanyaga breki. Akacheka. Akaniita dereva wa basi."

Wala dada wala mdogo hawakujua kwamba Fundi, mume wa Mama Pacha, alikuwa ameshaingia. Alikuwa amekuja kula, amesimama kizingitini, viatu mkononi. Kazini walisikia kuna ajali gatini, basi, maana wanamaji hawasemi mambo yao. Aliposikia neno breki, kiatu kimoja kilimponyoka.

"Pole, shemeji," akasema, akainama kukiokota. Alikaa ameinama kwa muda mrefu kuliko kiatu kinavyohitaji.

"Wewe uliniambia," Kuruta akamjibu. "Nilikuuliza siku ile, boti kweli ina breki? Ukaniambia nisiizoee, ni ya kujifunzia tu. Nikaizoea. Kosa ni langu."

Fundi akasema hapana, asiseme hivyo. Akasema ale kwanza. Mkewe akaona mume wake amekuwa wa rangi ya majivu, akadhani ni huruma.

Fundi si mwanajeshi. Ni raia mwenye kitambulisho cha jeshi, anayetunza mtambo wa mafunzo. Zamani jeshi la nchi kavu lilikuwa na mtambo wake wa kufundishia madereva wa malori, na wanamaji walikuwa na wao wa boti, kila upande na jengo lake, mafundi wake na matumizi yake. Ikaja amri ya kubana matumizi: ujengwe mtambo mmoja, mwili mmoja wenye vichwa viwili. Mwili ni kompyuta, skrini kubwa, kiti, na sakafu inayotikisika. Kichwa ni kile kinachochomekwa. Asubuhi kinachomekwa usukani wa lori na picha za barabara. Mchana kinachomolewa, unawekwa usukani wa boti na picha za maji. Dakika arobaini, kazi imekwisha. Jeshi la anga nalo likasema linasubiri kuona matokeo, likiridhika litaleta kichwa chake.

Pedali zimefungwa kwenye sakafu, kwa hiyo ni za mwili, hazichomolewi. Wakati wa boti zinatakiwa kuwa zimekufa, mtu akanyage mpaka achoke, kisitokee kitu. Ndivyo Fundi alivyozipanga mwanzoni.

Halafu ikaja siku ya maonyesho. Viti vilipangwa mistari mitatu, wakubwa wa majeshi yote wakakaa, na Mkuu wa Wanamaji mwenyewe akaombwa aendeshe. Ni mzee aliyeshika usukani mara ya mwisho kabla mvi hazijamwota. Akagonga gati. Watu wakacheka kwa adabu. Akarudia, akagonga tena, mara hii hakuna aliyecheka. Mara ya tatu jasho lilikuwa linamchuruzika nyuma ya masikio, na Meja, msimamizi wa mradi, alimtazama Fundi kwa jicho la mtu ambaye nyumba yake inaungua.

Fundi akaenda kwenye meza yake, akafungua ukurasa wa mipangilio, akaweka alama moja ndogo kwenye kisanduku. Akarudi, akainama sikioni mwa mzee. "Mkuu, ukikaribia, kanyaga kidogo hapo chini."

Boti ikasimama kando ya gati kama gari la bwana harusi. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mzee akatoka kitini akicheka, akasema hata bibi yake angeweza kujifunza kwenye mtambo huu, na siku hiyohiyo saa za mazoezi kwenye boti za kweli zikapunguzwa, kutoka arobaini hadi sita. Wakufunzi wa zamani wa boti wakaagwa kwa soda na biskuti.

"Kesho uitoe ile kitu," Meja alimwambia wakikunja nyaya.

Kesho yake walikuja wanafunzi wa kwanza. Wakafuzu haraka ajabu. Keshokutwa Meja akasema iache kwanza, wakaguzi wapite. Wakaguzi wakapita. Tangu hapo kila mchana Fundi alikuwa akiwasha mtambo, akiiona ile alama imekaa kwenye kisanduku chake, akijiambia Ijumaa nitaitoa, kama anavyosema nyumbani kwa kila kazi. Ijumaa ngapi zilipita hakuzihesabu. Mwaka huohuo shemeji yake mwenyewe akaingia na wanafunzi wa awamu ya pili.

Jumamosi walikwenda hospitali, Mama Pacha mbele na chupa ya uji, Kuruta katikati, Fundi nyuma amebeba mfuko wa machungwa. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili. Cha Mrefu kilijulikana kutoka mlangoni, maana mguu wake mmoja ulizidi kitanda, ukatokeza nje ya shuka. Upande wa pili shuka lilikuwa limelala tambarare.

Mama yake alikuwa amekaa pembeni. Aliwatazama wote watatu, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni yupi?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo," Kuruta akasema, akapiga magoti.

Mama hakuitikia. "Ulikuwa unatazama simu?"

"Hapana, mama."

"Ulikuwa unaongea na mwanamume?"

"Hapana, mama."

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akajiinua kwa kiwiko asipitwe na neno. Kuruta akasema, "Nilikosea tu, mama."

"Alikosea tu." Mama akawageukia wagonjwa wengine, kama anaomba washuhudie. "Mwanangu nimemlea miaka ishirini na miwili, hajavunjika hata ukucha. Amekuja mtu amekosea tu."

"Mama, mwache," Mrefu akasema kutoka kitandani, macho yamefumba. Alijaribu utani. "Mimi mwenyewe nilikuwa mrefu kupita kiasi."

Kuruta aliendelea kupiga magoti kwenye sakafu yenye harufu ya dawa, na dada yake alisimama juu yake, hajui amwinue au amwache. Ndipo Fundi akasogea, akaweka machungwa juu ya kabati, akaokota shuka lililoanguka, akampelekea mama maji kwenye kikombe. Alifanya hivyo kwa sababu mikono yake ilishindwa kutulia. Mama akapokea maji, akamtazama.

"Wewe ni nani wake?"

"Shemeji yake, mama."

"Una moyo, baba. Mungu akuzidishie. Ungemfundisha na huyu awe na moyo kama wako."

Fundi akasema amina. Neno lilimtoka na tayari alikuwa analitaka lirudi. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea hatua kumi nyuma ya wanawake wale, na mkewe alipogeuka kumwita, alisema kokoto imemwingia kiatuni.

Jumapili Kuruta alileta karatasi mezani. Alitakiwa aandike maelezo yake na kuyapeleka mbele ya kamati ya uchunguzi siku ya Alhamisi. Mwenzake mmoja alimwambia akikiri uzembe mwenyewe ataondolewa jeshini kimyakimya, asipokiri anaweza kufungwa.

"Shemeji, wewe una mwandiko na unajua maneno ya kiofisi. Nisaidie."

Mama Pacha alikuwa anapanga vifungo kwenye kopo. "Msaidie bwana, mwandiko wake huo kama kuku kakanyaga wino."

Fundi akakaa. Kuruta alikuwa ameandika: *Mimi nilikanyaga breki na breki haipo kwa hiyo ni ujinga wangu.*

"Hii breki," Fundi akasema. "Hii breki labda usiiandike. Wataona kama unatafuta sababu."

"Nilikuwa nafikiri hivyohivyo. Afisa alinicheka."

"Andika, *nilichelewa kuvuta rivasi*."

Akaandika. "Na ujinga?"

"Si neno la kiofisi."

"Lipi la kiofisi?"

Cherehani ilikuwa kimya, pacha wanagombana uani. Fundi alitazama kidole cha shemeji yake, kina wino, kinasubiri juu ya karatasi. Fundi ndiye aliyemfundisha baiskeli. Ndiye aliyemwandikia fomu za jeshi, akamwambia nenda, jeshini kuna maisha, na mimi nipo pale.

"Uzembe," akasema.

"Kwa herufi zedi?"

"Kwa zedi."

Kuruta akaandika taratibu, herufi moja moja, akapuliza wino ukauke. Kisha akaweka kichwa juu ya meza. "Unajua kinachonitesa ni nini, shemeji? Wenzangu wote wametumia mtambo uleule. Hakuna aliyemkata mtu. Ni mimi peke yangu nina mguu mjinga. Usiku nikilala unakanyaga. Dada anasema ninapiga shuka."

"Kweli," dada akasema. "Kama punda."

Fundi akainuka, akasema anakwenda kuona kuku. Hawana kuku. Hakuna aliyemwuliza.

Jumatatu Meja alimwita ofisini, akafunga mlango, akamtengea kiti. Mara zote huwa wanaongea wamesimama.

"Yule binti ni wa kwako, nimesikia. Pole sana." Meja akachezea kifuniko cha kalamu. "Kamati itakuja kukagua mtambo Alhamisi. Kuna ile kitu yetu."

"Ile breki."

"Usiipe jina. Itoe kabla hawajaja. Wakute safi."

"Na yeye?"

"Yeye ameshakiri, au siyo? Ataondoka, atapata kazi nyingine, bado kijana. Fundi, sikiliza. Kuna watu arobaini wanakula kupitia huu mtambo, wewe na mimi tukiwamo. Jeshi la anga wanaleta kichwa chao mwezi ujao. Ukisema mwili una kasoro, wanafunga mwili, kila jeshi linarudi kwake, na sote tunakwenda kuuza njugu. Mimi sikutishi. Nakuambia hali ilivyo."

Kweli hakuwa anamtisha. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala, na shati lake halikupigwa pasi. Fundi akasema, "Sawa, Meja."

Alhamisi alifika mapema kuliko walinzi wanavyopenda. Akawasha mtambo, akachomeka kichwa cha boti, akafungua ukurasa wa mipangilio. Alama ilikuwa pale, ndogo kama punje ya mtama. Kuitoa ni kugusa mara moja. Akaigusa, ikatoka. Akakaa akitazama kisanduku kitupu, akashangaa mtu anavyoweza kuwa safi kwa urahisi namna hiyo. Akawaza maneno yaliyoandikwa kwa mwandiko wa kuku, kwa zedi. Akairudisha.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, mwenyekiti ni Kanali mwanamke wa nchi kavu mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani. Kuruta alisimama ukutani, sare imenyooka, karatasi mkononi. Meja alieleza kwamba wanafunzi mia moja na kumi wamefuzu kwenye mtambo huu, na ajali ni moja tu.

"Fundi, mtambo una kasoro?" Kanali akauliza, akionekana anauliza kwa sababu imeandikwa aulize.

"Kanali, naomba ukae uendeshe."

"Mimi ni mtu wa magari."

"Ndiyo maana."

Meja akakohoa. Kanali akakaa, akashika usukani. Fundi akamwekea maji yenye mkondo, kama ya siku ya ajali. "Lete boti gatini. Ukiona linakujia haraka, fanya chochote."

Gati likaja haraka. Kanali akasema "Eh!" na mguu wake wa kulia ukashuka wenyewe. Boti ikasimama pale pale, laini. Kanali akainamisha kichwa taratibu, akatazama kiatu chake mwenyewe juu ya pedali.

"Boti ina breki?"

"Haina, Kanali."

"Hii imetoka wapi?"

"Ni ya lori. Inatakiwa ife tukiweka boti. Mimi niliifufua."

"Kwa amri ya nani?"

Meja alikuwa anatazama dari. Fundi alikuwa na majibu mengi ya swali hilo, na kila moja lilikuwa na ukweli kidogo ndani yake. "Hakuna aliyeniamuru kuiweka. Mkuu wa Wanamaji alikuwa anagonga mbele za watu, nikamwonea aibu. Baadaye niliambiwa niitoe, halafu nikaambiwa niiache wakaguzi wapite. Nikaiacha mpaka leo. Huyu binti amefundishwa breki mwaka mzima kisha amepewa boti isiyo nayo."

Kanali akavaa miwani, akanyoosha mkono bila kumtazama Kuruta, akapokea ile karatasi, akaisoma yote. "Hii haitumiki tena," akasema, akaitia kwenye faili. Kisha kwa Fundi, "Kitambulisho na ufunguo. Uende nyumbani, utaitwa. Na kisiguswe kitu chochote humu ndani mpaka ripoti itoke."

"Na mafunzo, Kanali?" Meja akauliza, sauti nyembamba. "Malori asubuhi, boti mchana. Majeshi mawili yanategemea mtambo huu mmoja."

"Mafunzo yaendelee. Siwezi kusimamisha majeshi mawili kwa ajili ya fundi mmoja."

Fundi alitoka akijisikia mwepesi. Hata walinzi waliomsindikiza mpaka getini aliwaambia kwaheri kwa furaha, na ilimchukua mpaka nyumbani kugundua kwamba wepesi ule haukuwa wa kudumu.

Kuruta alikuwa amefika kabla yake. Habari ilikuwa imeshasemwa, ilionekana kwenye mgongo wa Mama Pacha. Alikuwa anashona, na hakusimamisha cherehani.

"Siku nane," akasema. "Siku nane umekula naye meza moja."

"Nilikuwa natafuta namna ya kusema."

"Anapiga shuka usiku, wewe upo chumba cha pili unasikia. Namna gani ulikuwa unaitafuta? Kwa kuku?"

Kuruta alikuwa anakunja sare, ingawa sasa hakuna aliyemwambia airudishe. Hakuonekana amefurahi. Alionekana kama mtu aliyebeba mzigo mzito kwa safari ndefu, kisha akaambiwa si wake, na bado mabega yanauma.

"Ulipokuwa unanisahihishia ile karatasi," akauliza, "ulikuwa unajua?"

Angeweza kusema hakuwa na hakika. "Nilikuwa najua."

"Mh." Akakunja mkono wa shati, akaulaza. "Ulinisahihishia vizuri lakini. Kwa zedi."

Fundi akataka kupiga magoti, akaona pacha wamesimama mlangoni, akabaki wima. Mkewe ndiye aliyesimamisha cherehani hatimaye.

"Wenye vyeo umewaambia. Wamekupa na kiti, bila shaka. Na yule mama hospitali bado anakuombea heri. Yeye utamwambia lini? Ijumaa?"

"Kesho."

"Kesho ni Ijumaa," Kuruta akasema. "Nitakwenda na wewe. Si kwa ajili yako. Nataka anitazame wakati anasikia."

Saa ya kutazama wagonjwa huanza saa sita mchana. Mama yake Mrefu alipomwona Fundi akainuka kwenye kiti pekee kilichokuwapo, akakifuta kwa kanga. "Karibu baba, kaa. Wewe peke yako ndiye mtu."

"Mama, siwezi kukaa."

Akasema akiwa amesimama. Alianza vibaya, akaanza na kompyuta na mwili na vichwa viwili, mama akawa anaitikia kwa heshima bila kuelewa. Basi akaacha yote hayo. "Mama, mimi ndiye niliyemfundisha mguu wake kukanyaga kitu kisichokuwapo. Nilijua ni kosa. Nikanyamaza. Nikaja hapa ukaniombea heri, nikaitikia amina."

Mama akakaa yeye kwenye kile kiti. Alimtazama Kuruta kwa muda mrefu, midomo inacheza, kisha akamshika kiwiko akamvuta karibu, kama mtu anayemvuta mtoto atoke barabarani. Fundi, mama hakumtazama tena, wala hakumtukana. Fundi alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

Mrefu ndiye aliyesema. "Umeshaitoa?"

"Nini?"

"Hiyo breki. Umeshaitoa kwenye mtambo?"

Fundi akafungua mdomo. Akaona kisanduku, akaona alama aliyoirudisha jana kwa kidole chake mwenyewe, akamsikia Kanali. Kisiguswe kitu. Mafunzo yaendelee. "Wamenichukulia ufunguo," akasema.

"Sikukuuliza ufunguo." Mrefu akajiinua kwa viwiko, na maumivu yakampita usoni. "Saa nane wenzangu wa awamu mpya wanaingia. Wiki ijayo wanakwenda majini. Sasa hapa umekuja kufanya nini?"

Alipiga simu kwa Meja akishuka ngazi za hospitali. Haikupokewa. Akapiga tena. Kuruta alikuwa ameshamtangulia, anatembea kwa zile hatua ndefu za kijeshi, gauni la nyumbani linampiga miguuni, na Fundi ilibidi akimbie ili asiachwe.

Getini mlinzi alimjua vizuri, walikuwa wakigawana magazeti. "Bila kitambulisho siwezi, kaka. Usinitie matatani."

"Nenda basi wewe ukawaambie."

"Niwaambie nini? Mimi wa geti."

Wanafunzi walikuwa wanavuka barabara kutoka bwenini, mistari miwili, ishirini kwa jumla, mikono inakwenda sawasawa. Fundi akasimama kando ya njia. "Wanangu, ile pedali ya chini si ya boti! Msiikanyage! Vuteni rivasi!" Sauti yake ilitoka kama ya muuza maji. Macho yao yalikuwa mbele, kama inavyotakiwa. Mmoja wa nyuma akabana kicheko. Mkufunzi aliyekuwa pembeni akasema bila kugeuza shingo, "Raia, toka njiani."

"Niliiweka mimi! Si ya kweli!"

Mistari ikampita. Wa mbele walikuwa wameshakanyaga kivuli cha geti. Ndipo Kuruta, amesimama katikati ya barabara na gauni lake la maua na ndala, akajaza kifua.

"Kikosi, simama!"

Miguu arobaini ikagonga ardhi kwa pamoja na kuganda, kabla vichwa havijajua ni nani ameamuru. Mkufunzi mwenyewe alikuwa amesimama. Kuruta akamgeukia Fundi, uso wake hauna msamaha na hauna haraka.

"Sema sasa, shemeji. Wamesimama."